WALIOTUTANGULIA: Samuel Ajayi Crowther, Mtumwa Aliyewekwa Kuwa Askofu

Ni desturi ya ukurasa huu kuwaletea habari za watu waliotutangulia katika imani, si kwa kuwasifu tu, bali ili nyumba zetu na shule zetu zipate kujipima kwao. Safari hii twataka kuwaeleza maisha ya mtu wa Afrika ya Magharibi, Samuel Ajayi Crowther, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Jina lake walimu wengi wamelisikia. Lakini kulisikia jina si kuijua habari. Na habari hii ina furaha kubwa katikati yake, na uchungu mkubwa mwishoni. Tukisimulia furaha na kuuficha uchungu, tutakuwa tumesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli haimfundishi mtu.

Kutekwa kwake

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mama yake aliitwa Afala. Siku moja ya mwaka 1821, asubuhi, akina mama walipokuwa wakitengeneza chakula, mji ukazingirwa na watekaji. Baba yake akaja mbio kuwaonya wakimbie, kisha akarudi kupigana, nao hawakumwona tena. Mama na watoto wakajaribu kukimbilia porini. Lakini watekaji wakawatupia kamba shingoni, wakawafunga pamoja na kuwaongoza kama mbuzi wanaopelekwa mnadani.

Tangu siku hiyo mtoto yule alipita mkono hata mkono. Kwanza alibadilishwa kwa farasi. Yule farasi hakumpendeza aliyempata, akarudishwa, na mtoto naye akarudishwa. Kisha akauzwa tena, na tena, akazidi kusogezwa kuelekea pwani. Aliogopa sana asije akauzwa kwa Wareno na kuvushwa bahari, hata usiku kadhaa alijaribu kujinyonga kwa mshipi wake. Ila moyo haukumpa nguvu za kufanya hivyo. Mambo haya hatukuyabuni sisi: aliyaandika mwenyewe mwaka 1837 katika barua yake.

Mwezi wa Aprili 1822, huko Lagos, akapakiwa katika merikebu ya Wareno pamoja na watu wengine. Wote walikuwa 187. Merikebu haikwenda mbali. Manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikilinda bahari ile ili kuzuia biashara ya watumwa, zikaikamata. Ajayi akapandishwa katika manowari moja iliyoitwa Myrmidon. Hapo wale watoto wakaona nyama imetundikwa, na mizinga ina risasi zake za mviringo zimepangwa chini. Wakashikwa na hofu kuu, wakidhani nyama ile ni ya watu na zile risasi ni vichwa vya watu! Walipokaribia na kutazama vema, wakatambua kwamba nyama ni ya nguruwe na vichwa ni vyuma. Labda watoto wenu watacheka mkiwasomea haya. Lakini na wafikiri pia, ni mambo gani mtoto yule alikuwa ameyaona hata akaweza kudhani hivyo.

Shuleni

Alishushwa Sierra Leone, mahali walipowekwa watu waliookolewa baharini, akapelekwa katika kijiji kiitwacho Bathurst. Huko akaingia shule ya misioni. Yasimuliwa kwamba siku ile ya kwanza alipotoka darasani aliomba nusu peni kwa watu wa kabila lake, akanunua kadi ya herufi iwe yake mwenyewe. Baada ya miezi sita alikuwa aweza kusoma Agano Jipya. Akafundishwa na useremala pia, wala hakuudharau.

Akabatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akapewa jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la kasisi mmoja wa London. Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, yeye alikuwa mmoja katika wanafunzi wa kwanza kabisa. Akawa mwalimu. Akamwoa Asano, msichana aliyeokolewa utumwani kama yeye, ambaye kwa ubatizo aliitwa Susan. Tazameni, wapenzi: wote wawili walikuwa wamenyang'anywa jamaa zao, nao wakaanza nyumba ya Kikristo bila mjomba wala shangazi wa kuwaongoza. Nyumba ile ikatoa mwana, Dandeson, aliyekuja kuwa Ashidikoni. Na mkwe wao, Thomas Babington Macaulay, ndiye aliyeanzisha shule kubwa ya C.M.S. huko Lagos mwaka 1859.

Mwaka 1841 Waingereza walipeleka safari kuuchunguza mto Niger, na Crowther akachukuliwa pamoja nao kwa ajili ya lugha. Safari ile ilikuwa ya msiba. Homa iliwashika Wazungu karibu wote, na zaidi ya 40 wakafa. Wakubwa wa C.M.S. wakaona wazi kwamba kazi ya bara haitaweza kufanywa na wageni peke yao, ila Waafrika wenyewe waifanye. Basi Crowther akaitwa Uingereza, na mwaka 1843 akapewa ushemasi na ukasisi na Askofu wa London.

Mama na mwana

Mwaka 1846 akafika Abeokuta, mji mkubwa wa Wayoruba, yeye na Wazungu wenziwe wa misioni. Hakuwa mgeni; alikuwa amerudi kwao, ijapokuwa hakumjua mtu. Habari zikaenea, na baada ya siku chache akaja mwanamke mzee pamoja na mtoto wake wa kiume. Alikuwa Afala, mama yake.

Walikuwa wameachana muda wa miaka 25. Mama alitetemeka, hakuweza kuyaamini macho yake. Wakashikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakiwatiririka. Yule mama alikuwa amemwita kwa jina la Ajayi siku zote za uzazi wake, na sasa anamwona amevaa nguo za kasisi, anasema juu ya Mungu asiyemjua. Hakuambiwa aamini upesi kwa ajili ya furaha. Alikaa, akasikiliza, akafundishwa kama wengine. Na mwezi wa Februari 1848 akabatizwa. Jina alilopewa ni Hannah, kwa kuwa ndilo jina la mama yake Samweli.

Sisi tunaofundisha wakatekumeni twaweza kuyashika haya. Mwana hakumharakisha mama yake, wala mama hakupewa njia ya mkato kwa kuwa mwanawe ni kasisi.

Kazi ya lugha

Crowther alijua kwamba Wayoruba hawatalishika Neno katika lugha ya kuazima. Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Naye aliyekuwa mtumwa kweli kweli hakutaka kuiacha asili ya maneno yake. Mwaka 1843 alitoa kitabu cha maneno ya Kiyoruba. Kisha akaanza kuifasiri Biblia, na Waraka kwa Warumi ukapigwa chapa mwaka 1850. Hakujifungia chumbani na kamusi. Alikwenda kukaa na wazee, wawe Waislamu au wenye dini ya jadi, akasikiliza methali zao na namna wanavyoamua mashauri, akaandika maneno mema na mazito aliyoyasikia. Biblia nzima ya Kiyoruba, ambayo yeye alikuwa nguzo yake kubwa, ilitimia katika miaka ya 1880. Tena alisaidia kuandika vitabu vya kwanza vya lugha ya Kiigbo na ya Kinupe, ambazo si lugha zake.

Alipokuwa Uingereza mwaka 1851 alionana na Malkia Victoria na mumewe, akaulizwa habari za biashara ya watumwa. Malkia alipotaka kusikia Kiyoruba, Crowther akaisema Sala ya Bwana katika lugha hiyo. Malkia akasema ni lugha laini, yenye sauti nzuri.

Kuwekwa kwake

Mwaka 1854 alisafiri tena katika mto Niger, pamoja na Daktari Baikie. Safari hii watu walipewa kwinini, wala hakufa hata mmoja kwa homa. Mwaka 1857 akaanzisha Misioni ya Niger, na katika mji wa Onitsha akamweka Kasisi John Christopher Taylor, ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo. Kumbukeni jambo hili: watenda kazi wote wa misioni ile walikuwa Waafrika.

Mkuu wa C.M.S. huko London, Henry Venn, aliamini kwamba Kanisa katika kila nchi liwe na wachungaji wake wenyewe, lijitawale, lijilishe, tena lieneze Injili lenyewe. Akamwomba Crowther akubali uaskofu. Crowther alikataa kwanza, akijiona hastahili. Venn akazidi kumsihi, hata akakubali. Tarehe 29 Juni 1864, sikukuu ya Mtakatifu Petro, akawekwa wakfu katika kanisa kuu la Canterbury, na mwaka ule ule chuo kikuu cha Oxford kikampa cheo cha Daktari wa Elimu ya Mungu.

Katika umati uliojaa kanisa siku ile walikuwamo watu wawili wa kukumbukwa. Mmoja alikuwa mjane wa Askofu Weeks, aliyemfundisha Ajayi kusoma alipokuwa mtoto kule Bathurst. Wa pili alikuwa mzee, Amiri wa manowari Sir Henry Leeke. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa Myrmidon mwaka 1822. Mtoto aliyemtoa katika tumbo la merikebu ya Wareno, sasa anamwona amepiga magoti mbele ya Askofu Mkuu.

Lakini hata siku hiyo kulikuwako kasoro. Wamisionari Wazungu waliokuwa katika nchi ya Wayoruba hawakukubali kuwa chini ya askofu Mwafrika. Kwa hiyo Abeokuta, Lagos na Ibadan, yaani miji ya watu wa kabila lake na lugha yake, haikutiwa katika mamlaka yake. Alipewa nchi zilizokuwa nje ya milki ya Uingereza, na kazi yake hasa ikawa Niger, kati ya watu ambao lugha zao ilimpasa kujifunza. Naye alizipokea.

Askofu wa mto

Kazi ya Niger haikuwa nyepesi. Vituo vilikuwa mbali mbali, na kwa miaka mingi Askofu hakuwa na chombo chake. Alitegemea merikebu za wafanyi biashara, na maji ya mto yakipungua hakuna njia. Mwalimu wa kituo cha juu aliweza kukaa mwaka mzima bila kumwona mkubwa wake. Mwaka 1867 Askofu mwenyewe alikamatwa na jumbe mmoja aitwaye Abokko, aliyetaka fedha nyingi ili amfungue. Mwingereza mmoja, balozi mdogo wa serikali aitwaye Fell, akaenda kumwokoa. Askofu akapona, bali Fell akapigwa mshale wa sumu, akafa.

Hata hivyo kazi ilizaa. Huko Bonny, karibu na bahari, watu walikuwa wakiwaheshimu kenge kama watakatifu; kenge aliingia nyumbani akala kuku, wala mtu asithubutu kumgusa. Mwaka 1867 wakuu wa mji wakaiacha desturi hiyo. Na Waislamu wa kaskazini Askofu hakushindana nao kwa matukano. Alipoulizwa, alijibu kwa maneno ya Maandiko, kwa upole, akisikiliza kwanza. Watawala kadhaa wa Kiislamu walimpokea kwa heshima.

Jaribu la uzeeni

Sasa twafika penye uchungu. Henry Venn alikufa mwaka 1873. Nyakati zikabadilika, mataifa ya Ulaya yakaanza kugawana Afrika, na mwaka 1886 kampuni ya biashara ya Niger ikapewa hati ya kutawala. Wakaja vijana Wazungu wa misioni, wenye juhudi nyingi na elimu nzuri, lakini walioamini kwamba Mwafrika hawezi kuongoza. Walipokuta makosa katika vituo, hawakuona makosa ya watu fulani; waliona makosa ya watu weusi.

Mwezi wa Agosti 1890, katika halmashauri iliyokutana Onitsha, vijana wale waliwashtaki watenda kazi wa Askofu, wakawaachisha wengi, hata Ashidikoni Dandeson akasimamishwa, baba yake akiwapo. Askofu alikuwa amepita miaka 80. Alikuwa akibatiza na kufundisha kabla baadhi ya wale waliomhukumu hawajazaliwa. Alisimama, akakataa kushiriki katika jambo lile, akajiuzulu katika halmashauri.

Ukweli wataka usemwe wote. Si kila shtaka lilikuwa la uongo. Wako watenda kazi walioanguka, wengine kwa biashara, wengine kwa mwenendo. Askofu alikuwa mtu mpole, tena asiye na chombo cha kuwafikia upesi. Yamkini aliwavumilia wengine kupita kiasi. Lakini kosa la mtu mmoja lilipaswa kuulizwa kwa mtu mmoja, kwa mashahidi, naye apate kujibu. Badala ya hayo, waaminifu walitupwa pamoja na wakosaji, na kazi ya miaka 33 ikahesabiwa kuwa bure.

Askofu hakuliacha Kanisa, wala hakuwafundisha watu wake kuchukia. Wala hakukaa kimya. Alisema palipopasa kusema, kisha akaanza shauri jema: makanisa ya mdomo wa mto, Bonny na wenzake, yajilishe yenyewe na kuwalipa wachungaji wao, yakibaki katika ushirika wa Anglikana. Hakuliona shauri lile likitimia. Alikufa Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Mwaka 1892 makanisa yale yalianza kujitegemea, yakiongozwa na mwanawe Dandeson, nayo yakastawi.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa Mzungu, na kwa zaidi ya nusu karne Waafrika katika nchi ile walikuwa maaskofu wasaidizi tu. Mwaka 2014, miaka 150 baada ya kuwekwa kwake, Askofu Mkuu Justin Welby aliongoza ibada ya shukrani na toba katika kanisa lile lile la Canterbury, akaomba radhi kwa jinsi Crowther alivyotendewa.

Habari hii na sisi

Watu wa pwani yetu hawawezi kuisoma habari hii kama ya mbali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu likajengwa mahali pake. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa miaka michache baadaye kwa watu waliookolewa baharini kama Ajayi. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, alipewa ukasisi mwaka 1890, mwaka ule ule wa halmashauri ya Onitsha. Lakini Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, na Yohana Omari wa Tanganyika, waliwekwa kuwa maaskofu mwaka 1955, huko Namirembe. Tangu 1864 hata 1955 ni miaka 91. Haikuwa kwamba Roho alikawia. Watu ndio waliokawia.

Basi, wenzetu walimu, tuliopewa vituo vya mbali, tuanze kwetu. Mwalimu wa Niger aliyefanya biashara kwa siri hakujiharibia yeye tu. Alimpa adui wa wenzake fimbo ya kuwapigia wote. Daftari la sadaka, hesabu ya ada, neno tunalompa binti wa darasa, vyote hivyo vyashika heshima ya watu tusiowajua na wasiozaliwa bado.

Na sisi tulio wazee wa kanisa, tunapoketi katika baraza kumhukumu mtu, tuulize: huyu amefanya nini, lini, na nani aliona? Tusiulize yeye ni wa kabila gani, au ni wa ukoo wa nani. Maana ubaya wa Onitsha si wa Wazungu peke yao. Yuko mtu mweusi awezaye kuketi katika kiti kile kile na kuhukumu vivyo hivyo.

Nanyi akina mama na akina baba, someni habari hii nyumbani jioni moja, watoto wakiwapo. Waulizeni: Ajayi alipokutana na mama yake, walisema nini kwanza? Watakumbuka kwamba hawakusema neno. Waambieni wayatafute katika lugha yenu ya nyumbani maneno ambayo yangefaa kusemwa. Mtaona ni kazi gani aliyoifanya mtu yule kwa ajili ya Wayoruba.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutawaletea habari za mwingine.